Mwaka Waliposema Nalimishwa

Kwenye arobaini ya Zaina, wanawake waliokuwa wakipembua mchele nyuma ya nyumba yake pale Segera waliniuliza mimi nilikuwa nani wa marehemu. Nikasema tulisoma chuo pamoja Korogwe, tukakaa chumba kimoja. "Miaka mingapi?" mmoja akauliza. Nikasema mmoja. Akaitikia kwa adabu, kama mtu anayeona kwamba mwaka mmoja si kitu cha kumtoa mwalimu mzima Handeni na mfuko wa sukari mkononi, akanisogezea ungo. Nikapembua. Ningemwelezaje yule mama, mbele ya watu na Kurani ikisomwa ukumbini, kwamba mwaka ule mmoja Zaina alilala hatua mbili kutoka kwa mtu ambaye majirani walikwisha kukubaliana kuwa si mtu tena, na kwamba mtu huyo alikuwa mimi? Nikainamisha kichwa nikatoa mawe kwenye mchele, na tangu siku ile mwaka wenyewe haujaniacha.

Mabweni ya chuo yalikuwa yamejaa. Sisi tuliochelewa kuripoti tuliambiwa tujitafutie vyumba, tukapata Ngombezi, kwenye kambi ya zamani ya wakata mkonge. Lilikuwa jengo moja refu la mawe lililokatwa vyumba kama mabehewa ya treni, kila chumba na mlango wake mmoja na kidirisha kimoja juu kabisa, mahali ambapo hata mtu mrefu hawezi kuchungulia nje. Kuta zilikuwa nene lakini hazikufika kwenye paa. Juu palikuwa wazi tangu chumba cha kwanza mpaka cha mwisho, kwa hiyo vikohozi, ugomvi, harufu za dagaa na sala za watu zilipita juu ya vichwa vyetu kama moshi. Uwanja ulipoishia, mkonge ulianza. Ulikwenda kwa mistari iliyonyooka mpaka karibu na milima, na ukisimama mlangoni ukafuata mstari mmoja kwa macho, macho yanakwenda tu, hayapati pa kupumzika. Upepo ukigeuka ulituletea uchachu wa makapi kutoka kiwandani. Zaina, mtoto wa Lushoto, aliyezoea baridi na majirani wanaopigiana kelele kutoka mlima hadi mlima, alisema siku ya kwanza kwamba mahali hapa pamenyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo. Nilicheka. Nakumbuka nilicheka kwa sababu baadaye nilijaribu sana kukumbuka mara yangu ya mwisho kucheka, na kila nikirudi nyuma nafika siku ile.

Uchovu haukuja kwa kishindo. Ulianza kama jambo la kawaida la mtu mgeni wa mahali: naamka nimechoka, najiambia nitazoea. Wiki zikapita. Nikawa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, na kazi ya kukivaa hicho cha pili inakuwa kubwa kama ya kuhamisha nyumba. Zaina anarudi kutoka kuoga ananikuta vilevile. "Moni, hujamaliza tu?" Najibu namalizia. Darasani sauti ya mwalimu ilinifikia kama ya mtu anayeongea upande wa pili wa mto. Chakula kilipoteza ladha kwanza, halafu kikapoteza sababu. Zaina alikuwa anasonga ugali kwenye jiko la mkaa mlangoni, anauepua, anakata tonge, ananitazama nikilizungusha tonge langu kwenye mchicha mpaka likapoa. Sikuwa na huzuni ya jambo lolote. Watu walipouliza nina nini nilitafuta, kama mtu anayepapasa mfukoni, na sikukuta kitu. Hilo ndilo lililonitisha. Mwenye msiba anajua alipoumia.

Tulipokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya msingi, nilipewa darasa la tatu. Niligeukia ubao kuandika tarehe. Nikaandika siku, nikaandika mwezi, halafu nikabaki nimeshika chaki. Sikuwa nimesahau mwaka. Ila sikuona umuhimu wa kuteremsha mkono wala wa kuupandisha. Nyuma yangu watoto kwanza walinong'ona, halafu wakacheka, halafu wakanyamaza kabisa, na ule unyamavu wao nikausikia ukinipanda mgongoni kama maji. Kengele ilipolia nilikuwa bado nimesimama pale. Mtoto mmoja wa dawati la mbele alikuwa analia bila sauti. Mwalimu aliyekuwa akinisimamia aliandika kwenye karatasi yake, akaniambia nje, kwa upole, kwamba uvivu ni tabia na tabia hubadilishwa. Nikaitikia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajihukumu hivyo zamani.

Ni mchana mmoja wa Jumamosi nilipojifunza jina jingine la hali yangu. Nilikuwa nimelala chali natazama bati. Chumba cha jirani alikaa Bibi Tekla, ambaye baba yake aliletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge enzi za manamba, akazaliwa yeye kambini, akazeekea kambini. Alikuwa anachambua maharage na mwanamke wa chumba cha tatu, tuliyemwita Mama Shija. Sauti zao zilipanda ukutani zikaniangukia usoni.

"Mtazame anavyotembea," Mama Shija alisema. "Anaburuta miguu kama ametoka shamba."

"Ametoka shamba," Bibi Tekla akasema.

Maharage yakaendelea kudondoka kwenye sufuria.

"Unasema kweli, bibi?"

"Mtoto analimishwa. Wachawi wanamchukua akilala, wanamrudisha kukikaribia kucha. Mimi nimewaona wengi. Mwanzo wanachoka. Halafu hawacheki. Halafu chumvi inawashinda. Mwishowe kinachobaki kitandani ni ganda tu, yeye mwenyewe yuko kulekule, msukule wa watu."

"Na yule mwenzake anayelala naye?"

"Huyo nimeshamwambia. Mimi nilimwambia ahame."

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa. Hata Mazingara, nilikokulia, mtu akiamka na mgongo unauma atatania kwamba kalimishwa. Lakini utani wa kwenu ni kitu kimoja, na kusikia habari zako zikisemwa na watu wasiojua unawasikia ni kitu kingine. Ningetegemea kuogopa. Nilichokisikia kwanza, nakiri, kilikuwa nafuu. Kama nalimishwa, basi mimi si mvivu. Kumbe kuna mahali nafanya kazi. Kumbe huu uchovu nimeutolea jasho. Nilijigeuza upande, nikatazama viganja vyangu kwenye mwanga uliotoka kwenye kidirisha, nikaona kama ngozi imekuwa ngumu chini ya vidole. Hofu ilikuja jioni, nilipojiona nikitafuta sugu hizo tena, kwa hamu.

Baada ya hapo nikaanza kuona ushahidi kila mahali, au ushahidi ukaanza kunitafuta. Bombani wanawake walinipisha, ndoo yangu ikawa ya kwanza hata nikifika wa mwisho. Hakuna aliyenitukana. Wakawa wapole, upole ule wa watu wanaosema chini chini kwenye nyumba yenye maiti. Mama Shija, ambaye zamani alikuwa ananipa mwanawe mchanga nimbebe akianika nguo, akawa anamfunika uso kwa kanga nikipita. Nikimsalimia Bibi Tekla, "Shikamoo bibi," alinitazama miguuni kwanza, ndipo akaitikia. Asubuhi moja niliamka nikamkuta Zaina amechutama mlangoni. Sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta, alikuwa ametandaza majivu ya jikoni.

"Ni nini hiyo?" nikamuuliza.

"Siafu," akasema. Hakuniangalia.

Majivu yalikuwa laini, hayana hata alama ya kidole. Nikaona mabega yake yakishuka kwa ahueni. Ndipo nilipotoa miguu kwenye shuka, na sote wawili tukaiona. Ilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo, umekauka, umepasuka katikati ya vidole. Leo naweza kusema kwamba siku iliyotangulia nilitembea kutoka Korogwe mjini kwa miguu, na kwamba nilikuwa nimefikia hali ya kulala bila kunawa. Lakini siku ile sikukumbuka kama nilinawa au sikunawa. Nilijaribu kumwambia Zaina hivyo, na nikasikia maneno yangu jinsi yalivyo maneno ya mtu anayelimishwa. Zaina alichukua beseni, akalijaza maji, akapiga magoti akaniosha miguu, polepole, kidole kwa kidole. Kila alipomaliza kidole kimoja aliuvuta mkono wake haraka. Nikadhani ni baridi.

Mwezi wa tisa niliacha kwenda chuo. Sikuamua. Zaina aliondoka asubuhi, nami nikabaki nimekaa na vitabu mapajani, na jua likapanda. Bibi Tekla aliwahi kusema, kupitia juu ya ukuta kama kawaida, kwamba manamba waliofia hapa bado wana zamu yao, na saa sita mchana ukitega sikio utasikia visu kwenye shamba lisilo na watu. Siku ile niliwasikia. Che, che, che, mbali, kwa mpango, bila sauti ya mtu. Nikasimama. Huo ndio uzito wa jambo lenyewe: mimi niliyeshindwa kuvaa kiatu nilisimama bila shida, nikatoka peku, nikavuka uwanja, nikaingia katikati ya mistari miwili.

Mkonge ukiwa ndani yake hauna upande. Mbele ni miiba na anga, nyuma ni miiba na anga, na kivuli chako kiko chini ya nyayo. Sijui nilikwenda kiasi gani. Nilikuwa natembea vizuri kuliko miezi yote iliyopita, na kichwani kulikuwa na sentensi moja tu, shwari kabisa: naenda kazini. Nikawakuta. Walikuwa wanaume saba au wanane na wanawake wachache, wameinama, wamefunga vitambaa vichwani na usoni kwa ajili ya jua, wanakata jani, wanakata mwiba, wanalaza. Hakuna aliyeongea. Nikaingia nyuma ya mmoja wao nikaanza kukusanya majani aliyoyaacha na kuyafunga matita. Hakuna aliyeniuliza kitu. Utomvu uliniwasha mikono na niliupenda muwasho ule. Ulikuwa kitu cha kwanza kunigusa tangu siku nyingi. Nilifunga tita, nikafunga jingine. Sikutaka maji. Sikutaka kuondoka. Kama pangekuwa na mtu wa kuniuliza siku ile kama nataka kurudi kwenye maisha yangu, ningemjibu maisha yangu ni haya.

Visu vilianza kunyamaza kimoja kimoja. Nilipoinua macho wote walikuwa wamesimama, wananitazama, na nikaelewa kutokana na macho yao yaliyobaki wazi juu ya vitambaa kwamba habari zangu walikuwa nazo. Walikuwa watu wa kambini, hai kabisa, wenye jasho na viatu vya matairi. Wao ndio walioniogopa mimi. Mwanamke mmoja alirudi nyuma mpaka mwiba ukamchoma. Mzee aliyekuwa mbele yangu, aliyeitwa Mzee Sospeta, alifunua uso, akaweka kisu chini, akasogea mpaka hatua moja kutoka kwangu.

"Binti," akasema, "taja jina lako."

Nikafungua mdomo. Jina halikuwepo. Najua linavyosikika jambo hili, na nimelirudia mwenyewe mara nyingi nikitaka kulifanya dogo: jua, njaa, kutokunywa maji tangu jana. Vyote vilikuwepo. Lakini nilikuwepo na mimi, na nasema jina halikuwepo. Palikuwa na mahali pake, kama pengo la jino ambalo ulimi unalirudia.

"Sikuharakishi," mzee akasema. "Tafuta."

Nilitafuta. Nilianza na jina la Zaina, kwa sababu lilikuwa karibu. Nikamwona akiniita mlangoni na mwiko mkononi, nikasikiliza anaita nini.

"Monika," nikasema.

"Monika nani?"

Nikataja la baba.

"Basi hujafika huko," Mzee Sospeta akasema. Akageuka akawaambia wenzake, kwa sauti ya kawaida ya kazi, "Hajafika. Mleteeni maji." Yule mwanamke aliyechomwa ndiye aliyeleta. Alinyoosha mkono wote kunipa kibuyu, lakini alileta.

Zaina alikuwa ametumiwa mtu chuoni aje. Alikuja akikimbia, hijabu imemwangukia mabegani. Alinitazama nilivyokaa kwenye matita, mikono imevimba, akasema, "Kesho hospitali. Sitaki kusikia kitu." Jioni ile, kabla jua halijazama, Bibi Tekla alifika na bakuli la uji. Aliuweka mbele yangu akakaa kwenye kigoda, mikono magotini. Ulikuwa na chumvi nyingi mno.

"Ungekuwa mtu wao ungeutema," akasema.

Nikaunywa wote, huku machozi yananitoka kwa sababu ya ile chumvi. Bibi alitazama mpaka chini ya bakuli. Hakufurahi, wala hakusema alikosea. Alisema tu, "Kesho tena," na kweli alileta kesho yake, na kila siku baada ya hapo, mpaka nilipoondoka.

Hospitali, tabibu alikuwa mama mnene mwenye miwani. Aliniambia damu imepungua sana, pengine minyoo imechangia, akaniandikia vidonge vya kuongeza damu. Zaina alishusha pumzi. Tulikuwa tumepata jibu. Lakini yule mama hakutukabidhi karatasi hapo hapo. Alimwomba Zaina atoke kidogo, akaniuliza, "Ukiamka asubuhi unatamani nini?"

"Laiti nisingeamka."

Akaweka kalamu chini. Hakunihubiria. Aliniambia damu itapanda kwa miezi, lakini hili la pili lina njia yake na halitapona kwa mimi kujilaumu. Akataka nije kila Alhamisi, hata kama sina la kusema. Akasema mtu aliyevunjika mguu haambiwi ajitahidi kukimbia. Nikaenda Alhamisi zote. Siku nyingine nilikaa tu kwenye benchi lake nikasema nimekuja, akasema nimekuona. Alinipangia mambo madogo mno, ya aibu kuyataja: kuvaa viatu vyote viwili kabla ya kukaa, kula pamoja na mtu, kutembea mpaka bombani na kurudi nikiwa na ndoo, hata tupu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nafundisha Handeni, kwenye semina ya walimu nilisikia mtu akitamka neno sonona, ugonjwa unaomnyang'anya mtu hamu ya maisha, na kulieleza, na nikatoka nje nikaegemea ukuta. Nilikuwa nimefurahi kulijua. Hata hivyo, sikuweza kumcheka Bibi Tekla, na sitamcheka. Yeye ndiye aliyeona kwanza kwamba kuna mahali nimekwenda. Wasomi wenzangu na mimi tuliita uvivu. Hali yenyewe imenirudia mara mbili tatu maishani, si kwa nguvu ile, na kila ikirudi nasikia kwanza ule unyamavu wa darasa la tatu mgongoni, najua, naenda kwa daktari mapema.

Chuo kiliniruhusu kuahirisha mwaka. Nilirudi baadaye nikamaliza, nyuma ya Zaina, ambaye alishaanza kazi. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi, na niliyotaka kumsimulia yule mama wa ungo nikakosa pa kuanzia, ni siku niliyoondoka. Zaina alinisindikiza mpaka Segera, nibadilishe gari la kwenda kwetu. Gari lilikuwa bado, tukaingia kwa mama ntilie, tukakaa tukitazamana, benchi huku na benchi huku, sahani mbili za wali na maharage katikati. Malori yalipita yakitikisa vikombe. Nilikuwa nakula. Zaina alinitazama nikila kwa muda mrefu, yeye hajagusa.

"Moni, nikuambie kitu?"

"Niambie."

"Nilikuwa nakuogopa."

Nikadhani ananitania. Nikauona uso wake.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne bibi aliponiambia. Ukigeuka kitandani moyo unanipasuka. Nilikuwa nalala na kisu cha mboga chini ya mto. Nikikuosha miguu nilisema leo ataniuma."

Nilifikiria ugali wote ule aliousonga, na beseni, na mara zote alizoniita mlangoni nimalizie kuvaa. Vyumba vingine vilikuwepo kambini. Alikuwa ameambiwa ahame.

"Kwa nini hukuhama?"

Alifikiri, kweli alifikiri, akichora na kijiko juu ya meza.

"Nani angekupikia?" akasema.

"Na sasa? Bado unaniogopa?"

"Bado, kidogo."

Akachukua sahani yake, akanyanyuka, akazunguka meza, akaja kukaa upande wangu wa benchi, bega kwa bega, akaanza kula.